Poti Namba 22: Historia ya Ufundi wa Kuingia Seva za Mbali

Mtu wa kwanza kujaribu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao uliokuja kuzaa intaneti hakufika mara moja. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, Charley Kline, alianza kuandika amri ya kuomba kuingia, huku Bill Duvall akimsubiri upande wa pili kwenye taasisi ya SRI, Menlo Park, kilomita mia tano na ushei kaskazini. Herufi ya kwanza ikafika. Ya pili ikafika. Ya tatu ikaiangusha mashine ya Menlo Park. Wakairekebisha, na baada ya kama saa moja Kline akaingia.

Tangu usiku ule, wanaoifanya kazi hii wamesumbuliwa na mambo mawili tu: umbali na wezi. Karibu kila chombo tunachokitumia leo kilizaliwa kwa sababu mtu fulani alichoka kusubiri, au kwa sababu mtu fulani aliibiwa.

Chombo cha kwanza kilikuwa Telnet. Wazo lake liliandikwa mwaka huohuo wa 1969, na kanuni zake zikakamilishwa mwaka 1983 na Jon Postel na Joyce Reynolds. Telnet haikuficha kitu. Ulichoandika kilisafiri kama kilivyo, nywila ikiwemo, na aliyeweza kuutegea sikio waya wowote katikati ya njia aliisoma kama anavyosoma gazeti. Kwa miaka mingi hilo halikumkera mtu, maana waliokuwa kwenye mtandao walijuana kwa majina na kwa vyuo vyao.

Wenye haraka zaidi walikuwa Berkeley, California. Toleo lao la Unix la mwaka 1983 lilikuja na rlogin na rsh, na pamoja navyo faili dogo lililoitwa .rhosts. Ndani yake uliorodhesha kompyuta unazoziamini, na mtu aliyetoka kwenye kompyuta hizo hakuulizwa nywila. Ilikuwa raha tupu hadi tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alipoachia programu iliyojisambaza yenyewe. Ilipopata mwanya kwenye mashine moja ilikisia nywila za watu, kisha ikaifuata ile orodha ya wanaoaminiana, nyumba hadi nyumba. Maelfu ya kompyuta zilielemewa. Morris alihukumiwa mwaka 1990, lakini .rhosts iliendelea kutumika miaka kadhaa baadaye. Watu hawaachi kitu chepesi kwa sababu kimewadhuru mara moja.

Afrika Mashariki tuliingia kwenye ufundi huu tukiwa na tatizo la upande wa pili, la umbali. Kabla ya mikongo ya baharini, mawasiliano yetu mengi na dunia yalipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Asiyewahi kufanya kazi kwa njia hiyo hawezi kujua adha yake. Kwenye Telnet, na hata kwenye chombo kilichoirithi, herufi unayoipiga kwa kawaida haiandikwi na kompyuta yako. Inakwenda kwanza hadi seva, na seva ndiyo inayoirudisha ionekane kwenye kioo chako. Hesabu safari yake: kupanda angani, kushuka ughaibuni, kupanda tena, kushuka tena nyumbani. Hizo ni kilomita 144,000, na hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde kwa kila herufi, kabla hujaongeza msongamano. Fundi aliandika amri nzima gizani, akakunja mikono, akangoja ione mwanga. Akikosea herufi moja katikati, alipiga kitufe cha kufuta bila kuona kinafuta nini. Kwa amri ya kuangalia orodha ya mafaili, si neno. Kwa amri ya kufuta mafaili, roho ilikuwa mkononi.

Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010. Tangu hapo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaishughulikia seva iliyoko Ulaya na herufi zinamfuata vidole. Wengi wa rika lake hawajui kwamba kuna watu waliojifunza kazi hiyohiyo wakiwa kama vipofu.

Turudi kwa wezi. Mwaka 1995, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kilichoko Espoo, Finland, iligunduliwa kwamba kuna mtu aliyepachika programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo. Jambo hilo lilimgusa mtafiti mmoja wa hapo, Tatu Ylönen. Alikaa miezi michache akaandika programu mpya akaiita SSH, na Julai 1995 akaitoa bure pamoja na msimbo wake. Ilifanya kazi ya rlogin na rsh, ila kila kitu kilisafiri kikiwa kimesimbwa.

Kisa cha poti yake, yaani namba ya mlango ambao programu husikilizia kwenye seva, kinapendeza. Ylönen aliitaka namba 22 kwa sababu FTP, ya kusafirisha mafaili, ilikuwa 21 na Telnet 23, na katikati palikuwa wazi. Tarehe 10 Julai alituma barua pepe kwa IANA, ofisi inayogawa namba hizo, na kesho yake Joyce Reynolds, yuleyule wa Telnet, akamjibu kwamba namba ni yake. Anayesoma haya akiwa kwenye foleni ya leseni ya biashara asinung'unike.

Kabla mwaka haujaisha programu ile ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Ubora wake, tangu toleo la pili la itifaki yake, ni kwamba pande mbili zinaweza kukubaliana siri mbele ya watu wote bila wasikilizaji kuijua, kwa hesabu iliyobuniwa miaka ya 1970 na Diffie na Hellman. Baada ya hapo mtumiaji hahitaji nywila hata kidogo. Anatengeneza jozi ya funguo. Ule wa wazi anauweka kwenye seva, ndani ya faili liitwalo authorized_keys. Ule wa siri unabaki kwake. Anapoingia, kompyuta yake inatia saini kwa ufunguo wa siri, na seva inaikagua saini kwa ule wa wazi. Ufunguo wa siri hausafiri kamwe.

Palibaki doa moja, na lipo hadi leo. Mara ya kwanza unapoiendea seva, SSH inakuonyesha alama ya ufunguo wa seva hiyo na kukuuliza kama unaitambua. Ukikubali, inauandika ufunguo huo kwenye faili la known_hosts na haikuulizi tena; ukibadilika, inakuonya na kukataa kuendelea. Swali hilo la mara ya kwanza ndiyo kinga ya kawaida dhidi ya mtu aliyejipenyeza katikati akijifanya ndiye seva. Na kila mtu analijibu ndiyo bila kusoma. Mafundi wenye vyeti ukutani wanalijibu ndiyo. Hesabu yote ya Diffie na Hellman inapita juu ya kidole kimoja chenye haraka.

Desemba 1995 Ylönen alianzisha kampuni, na kadiri matoleo yalivyosonga mbele leseni ikazidi kubana. Mwaka 1999 Msweden Björn Grönvall alirudi nyuma hadi toleo la 1.2.12, la mwisho lenye leseni huru ya kutosha, akaanza kulitengeneza. Kundi linalotengeneza mfumo wa OpenBSD likaichukua kazi hiyo. Kiongozi wao, Theo de Raadt, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa akiishi Calgary, Kanada, na mahali hapo palikuwa na maana: sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa programu za kusimba, za Kanada hazikubana hivyo. OpenSSH ilitoka tarehe 1 Desemba 1999 ndani ya OpenBSD 2.6. Damien Miller wa Australia na wenzake wakaiandaa kwa mifumo mingine, Linux ikiwemo. Mwaka 2001 Ylönen aliwataka wabadilishe jina, wakakataa. Leo, ukikodi seva ya Linux popote duniani, karibu kwa hakika unaifungua kwa OpenSSH.

Wenye Windows walipata PuTTY, kazi ya Mwingereza Simon Tatham. Kwenye ofisi nyingi za kwetu PuTTY ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza: kisanduku kidogo cha kijivu, kisha dirisha jeusi.

Katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya maendeleo ilihusu uvivu, na nasema hivyo kwa heshima. Fundi mwenye seva thelathini hawezi kukariri anwani thelathini. Kila mtu anajua amri ya ssh. Wachache mno hulifungua faili la ~/.ssh/config, ambalo kwa maoni yangu ndilo nusu ya ufundi wenyewe. Tazama:

Host lango
    HostName lango.example.org
    User amina

Host hesabu
    HostName 10.0.0.12
    User amina
    ProxyJump lango
    ServerAliveInterval 60

Sasa Amina anaandika ssh hesabu, basi. Seva ya hesabu haionekani kutoka nje. Inafikiwa kwa kupitia lango, na mstari wa ProxyJump, ulioletwa na OpenSSH 7.3 mwaka 2016, unamvusha bila yeye kuandika amri mbili. Mstari wa mwisho unaituma kompyuta yake ibishe hodi kila sekunde 60 zikipita kimya, ili kifaa cha katikati kisidhani mawasiliano yamekufa na kuyakata. Upo pia mstari wa ControlMaster, wa mwaka 2004, unaowezesha miunganisho mingi ipite kwenye njia moja iliyokwisha kufunguliwa: wa kwanza unachukua muda wake, inayofuata inafunguka papo hapo. Kwenye mtandao wa polepole tofauti yake haihitaji kupimwa.

Kwa kukatika kulikuwa na dawa ya zamani zaidi. Screen ya mwaka 1987, na tmux iliyoanza 2007, huiacha kazi yako ikiendelea ndani ya seva hata wewe ukipotea. Ukirudi unaikuta ulipoiacha. Kisha mwaka 2012 Keith Winstein wa MIT na wenzake wakatoa Mosh, ambayo inakisia jibu la seva kwa herufi uliyopiga na kukuonyesha mara moja kabla seva haijajibu, na haijali ukihama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Sisi wa setilaiti tuliihitaji miaka kumi na mitano kabla. Hata hivyo haikuchelewa kabisa: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, na aliyekuwa na Mosh na tmux siku ile alikuwa na la kujivunia.

Wezi hawakulala. Mwaka 2006 mtu mmoja wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, aliondoa mistari iliyokuwa ikileta onyo kwenye maktaba ya OpenSSL, na bila kujua akaondoa karibu unasibu wote unaotumika kutunga funguo. Lilipofichuka tarehe 13 Mei 2008, ilidhihirika kwamba kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, kwenye kila aina ya mashine, kulikuwa na funguo zisizozidi 32,768 tu. Mtu angeweza kuzitengeneza zote na kuzijaribu moja moja. Duniani kote mafundi wakakesha wakibadilisha funguo.

Kisa cha 2024 kilikuwa cha hila zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa zaidi ya miaka miwili kwenye mradi mdogo wa xz, chombo cha kubana mafaili, akisaidia kwa subira hadi akaaminiwa kutoa matoleo. Kisha akapenyeza humo mlango wa uani. OpenSSH yenyewe haitumii xz, lakini baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa imeiunganisha na maktaba nyingine inayoitumia, na hapo ndipo alipopita. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia, na tarehe 29 Machi akatangaza. Nusu sekunde ndiyo ileile ya setilaiti zetu. Kwenye njia kama ile ya zamani, wizi huo huenda usingeonekana.

Hila nyingi za siku hizi, lakini, hazihitaji akili ya Jia Tan. Seva yoyote yenye poti 22 wazi inabishiwa hodi na mashine za watu wasiojulikana usiku na mchana, zikijaribu nywila rahisi. Na ndani ya kampuni, ufunguo wa mfanyakazi aliyeondoka zamani hubaki kwenye seva kwa sababu hakuna aliyeambiwa aufute. Ufunguo wa SSH wa kawaida hauna tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo wewe unayesimamia seva, ingia leo. Fungua faili la authorized_keys la kila akaunti, la root likiwemo, na ulisome mstari kwa mstari. Ukikuta ufunguo wa aliyeacha kazi, ufute. Ukikuta usioujua, uliza. Ukikosa jibu, ufute pia. Wako ukishahakikisha unafanya kazi, zima kuingia kwa nywila. Na kabla hujaiwasha upya huduma ya SSH, acha terminali ya pili ikiwa ndani ya seva, usije ukajifungia nje.