Gibb's Farm: Kahawa Kwanza, Wageni Baadaye

Mwaka 2029 nyumba kuu ya Gibb's Farm, juu ya mji wa Karatu kaskazini mwa Tanzania, itatimiza miaka 100. Iliyojengwa ilikuwa nyumba ya mkulima. Mlowezi wa Kijerumani alifuata kahawa, na alipata mahali panapoifaa: mteremko wa nje wa kreta ya Ngorongoro, udongo mwekundu wa volkano, na msitu unaopakana na mibuni.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza walitwaa mali za Wajerumani Tanganyika. Mwaka 1948 shamba likawa la James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani. Alimwoa Margaret mwaka 1959, mwaka uleule Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti na kuwa eneo la hifadhi. Watalii waliokwenda kreta walipita Karatu, karibu kabisa na shamba lao.

Mwaka 1972 akina Gibb wakafungua vyumba vya kulala. Ilikuwa miongoni mwa nyumba za wageni za kwanza upande huo wa nchi. Mwenye shamba yeyote ataelewa: kahawa huvunwa kwa msimu na bei yake hupangwa ng'ambo, ilhali mgeni hulipa kabla hajaondoka.

Kisha ukaja mwaka 1977. James alifariki. Februari mwaka huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na magari ya watalii kutoka Nairobi yakakoma. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Watu wa Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, hawahitaji kuelezwa hayo. Wao wanajua kizuizi kikishushwa, jioni hiyohiyo gesti zinakosa watu na sufuria za mama lishe zinabaki zimejaa.

Margaret aliendelea. Kwa maoni yangu, nguvu ya nyumba hii ilikuwa shambani kuliko vyumbani. Mgeni asipokuja, kitanda hakileti kitu. Mboga, maziwa na buni havimngoji mtalii. Hoteli nyingi za safari zilijengwa kinyume chake, zikategemea malori ya chakula kutoka mjini.

Baadaye shamba liliuzwa nje ya familia, ila jina halikubadilishwa. Mboga za mezani bado hutoka bustanini, kahawa hukaangwa papo hapo, na mgeni anayetaka hukamua ng'ombe alfajiri au hupanda msituni kuona mapango ambayo tembo huyachimba wakitafuta chumvi.

Jambo moja linanikera. Historia zinazosimuliwa kuhusu mahali hapa huanzia kwa Mjerumani na kuishia kwa akina Gibb. Wairaqw, wenyeji wa Karatu, na majirani zao, waliopalilia mibuni hiyo na kupika vyakula vinavyosifiwa, hawatajwi kwa majina. Miaka 100 ikiadhimishwa, walioko Karatu waulizwe wazee wao sasa, wakiwa bado wapo, na majina hayo yaandikwe.