Moringe ole Parkipuny na malisho ya Loliondo

Lazaro Moringe ole Parkipuny, Mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, ndiye aliyefikisha kilio cha wafugaji wa Tanzania Umoja wa Mataifa. Alikuwa bado mdogo mwaka 1959, Wamaasai walipoondolewa Serengeti na kuelekezwa Ngorongoro na Loliondo. Serikali ya kikoloni iliwaahidi kwamba ndani ya Ngorongoro maslahi yao yangetangulizwa. Ahadi hiyo haikudumu: mwaka 1974 maboma yaliondolewa ndani ya kreta, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima.

Parkipuny alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafanya kazi katika mradi wa kuendeleza ufugaji Umaasaini uliofadhiliwa na Marekani. Alipozuru nchi hiyo alikutana na Wanavajo, watu wa asili wa huko. Kukutana huko kulimwonyesha kwamba kupokonywa ardhi hakukuwa mkosi wa Wamaasai peke yao.

Akiwa bungeni, mambo hayo yaliendelea jimboni mwake. Mwaka 1984 ekari 10,000 za kijiji cha Soitsambu, Loliondo, zilitwaliwa na kampuni ya bia ya Tanzania Breweries kwa ajili ya shayiri. Sehemu ndogo tu ililimwa, na ng'ombe wakaendelea kulishwa humo. Umiliki ulipohamia kampuni ya utalii mwaka 2006, wafugaji walianza kuzuiwa, na mgogoro ukafika mahakamani.

Agosti 1989, mjini Geneva, Parkipuny alihutubia kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya hivyo. Alieleza kwamba wafugaji na wawindaji wa Afrika nao hudharauliwa na kunyang'anywa ardhi, hata chini ya serikali huru. Kwa nchi iliyojengwa juu ya umoja wa kitaifa, kauli hiyo ilisikika kama ukabila. Haikuwa hivyo: alidai haki ambayo raia wengine walikuwa nayo tayari. Baadaye alianzisha KIPOC, shirika lililofungua njia kwa mashirika mengine ya wafugaji. Mwaka 2007 Tanzania yenyewe ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili.

Parkipuny alifariki Julai 2013, miezi michache baada ya serikali kutangaza kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori. Mpango huo ulisitishwa mwaka huohuo, ukarudi Juni 2022 kwa uwekaji wa vigingi vya mpaka. Wananchi walijeruhiwa kwa risasi, wengi wakakimbilia Kenya, na tarehe 10 askari polisi mmoja akauawa kwa mshale. Zaidi ya watu 20, wakiwemo madiwani, walishtakiwa kwa mauaji. Novemba mashtaka yakaondolewa. Mzee mmoja wa kijiji cha Ololosokwan aliyetoweka tarehe hiyo 10 Juni hakurudi nyumbani, na familia yake ililazimika kumtafuta kupitia mahakama.