Barabara ya Robo Tupu

Wengi mnaniuliza watu wa hapa Azaiba wanaendaje Umra kwa gari. Haya, leo nawaletea habari za barabara yenyewe.

Kati ya Oman na Saudia lipo jangwa la Rub al-Khali. Mswahili hapa hahitaji mkalimani: rub ndiyo robo yetu, na khali ni tupu. Mwingereza Bertram Thomas alilivuka kwa ngamia, katoka Salala Disemba 1930, kafika Doha Februari 1931. Sifa kapata yeye, lakini waliojua visima viko wapi ni mabedui wa kabila la Rashid.

Magari yalipoenea bado hapakuwa na lami ya moja kwa moja baina ya nchi mbili hizi. Lazima upitie Imarati: utoke Oman, uingie kwao, utoke tena, ndipo Saudia. Mihuri minne, na watoto wanalia kwenye gari!

Wakakubaliana kila nchi ijenge kwake, wakutane mpakani. Oman ilikuwa na kama kilomita 160 kutoka Ibri, ikamaliza mapema, lami ikabaki inangoja wenzake. Wasaudia walikuwa na 564, tena katikati ya matuta makubwa kama vilima. Walihamisha mchanga mita za ujazo milioni 130. Na mchanga wenyewe hautulii, upepo ukivuma unarudi barabarani.

Ilifunguliwa Disemba 2021, safari ikapungua kama kilomita 800. Mihuri sasa miwili tu.

Mkija, jazeni petroli Ibri, na maji msisahau.