Randa na Kalamu: Shule za Ufundi Katika Historia Yetu

Fundi, kufunda, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja. Msomaji akiyasikiliza vema atatambua kwamba wazee waliotuachia maneno hayo walimwona mchonga milango na mwalimu wa chuo kuwa ni watu wa ukoo mmoja. Huko Mwambao, mwanagenzi wa useremala au wa kuunda majahazi alikaa kwa fundi wake, akaanza kwa kufagia maranda na kushika upande wa pili wa msumeno. Na alipohitimu alimpa fundi kilemba, yaani zawadi ya shukrani. Hakuna aliyemdai cheti, maana kazi yake yenyewe ilimtangaza.

Yatupasa kuyakumbuka hayo kabla ya kuitazama shule ya sekondari ya ufundi, kwa sababu shule hiyo ilizaliwa katika nyumba nyingine kabisa. Wakati wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilifundisha kusoma na kuandika pamoja na kazi za mikono, uchapaji ukiwa mmojawapo, na huko ndiko lilikotoka gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904. Makusudi ya mkoloni yalikuwa kujipatia makarani na mafundi wa kumtumikia. Hata hivyo, pale Tanga kalamu na mtambo vilikaa chini ya paa moja.

Waingereza walivitenganisha. Kijana aliyetazamiwa kuwa karani au mtawala alipelekwa shule kama ile ya Tabora. Aliyetazamiwa kutumia mikono alipelekwa shule ya ufundi. Huko Ifunda, mkoani Iringa, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walipoondoka, shule ya ufundi ilianzishwa mahali hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ya Moshi ilifuata mwaka 1957. Vijana walijifunza useremala, uashi, kazi za chuma na mengineyo ya namna hiyo, nao walitoka wakiwa mafundi kwelikweli. Lakini mlango wa kuendelea na masomo ya juu ulikuwa mwembamba kwao, na wazazi hawakuwa vipofu. Mtoto wa Tabora aliitwa msomi, wa Ifunda akaitwa fundi, na neno lililokuwa la heshima likaanza kushuka daraja.

Baada ya Uhuru, katikati ya miaka ya 1960, shule hizo zilifanywa sekondari za ufundi, na katika safu hiyo zikawamo pia Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akikemea elimu inayomfanya kijana adharau jasho la wazazi wake. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Mimi naona dawa ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kipimo. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache mno, na mtihani wa karatasi ndio uliozigawa. Tena karakana hula mbao, chuma na vipuri. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikauka, na katika shule nyingine mwalimu alilazimika kuichora randa ubaoni.

Matunda yake niliyaona kazini. Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia, mlango ulivimba kwa mvua za masika, ukakataa kufungika. Miongoni mwetu alikuwamo karani aliyesoma useremala miaka 4 katika mchepuo. Tulingoja fundi wa nje majuma mawili. Nilipomwuliza faraghani kwa nini hakuushughulikia, aliniambia kwamba aliona haya kushika randa mbele ya wenzake. Hakusema hawezi.

Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA ilileta vyuo vya ufundi stadi vilivyowafaa vijana wengi, ijapokuwa kwa upande mwingine iliuinua tena ule ukuta wa zamani kati ya shule na karakana. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeurudisha ufundi sekondari kwa jina la mkondo wa amali, kuanzia kidato cha kwanza, na humo mwanafunzi husoma pia masomo ya jumla. Mzazi anapopewa habari hizo, swali lake la kwanza ni kama mwanawe ataweza kufika chuo kikuu. Haifai kumlaumu, kwani yeye au baba yake aliyaona yale ya Tabora na Ifunda. Na wenye kuweza kumjibu kwa vitendo ni walimu watakaopewa mbao, chuma na muda wa kutosha.