Usiku mmoja Kisoro, na mzee ambaye sikumrekodi

Mwaka jana nilienda formasyo ya mbegu za viazi Uganda, nikalala Kisoro, mu Travellers Rest. Hoteli ndogo, chini ya volkano Muhabura. Kuanzia 1955 iliendeshwa na Mjerumani Walter Baumgärtel. Julai 1967 Dian Fossey, yule wa sokwe, alikimbilia pale, maana askari walikuwa wamemtoa mu kambi yake ya Kabara, huku kwetu Congo. Septemba akaanza upya Karisoke, Rwanda. Mgeni anakula mu restora akisimuliwa hayo yote, na analipa vizuri.

Mwaka uleule wa 1967, Laurent-Désiré Kabila alianzisha PRP mu milima yetu ya Fizi. Mbele ya hapo, Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa toka Kigoma, akafika Kibamba. Aliondoka Novemba.

Babu yangu alikuwa anatusimulia ile miezi tukikula bugali na ndakala. Simu ilikuwa mkononi, sikurekodi hata dakika moja. Tulimzika Baraka.

Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa kijana mu 1965, mniandikie. Nitakuja hata kwa pirogi.