Vikombe vya Dhahabu vya Meissen

Wasomaji waliofika Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wamesikia habari za makaburi ya kale yaliyojengewa vyombo vya Uchina. Vyombo vya namna hiyo vilitamaniwa na wafalme wa Ulaya pia, kwani mafundi wao hawakujua kufanya kauri nyeupe ipenyayo nuru. Augustus, mtawala wa Saxony katika Ujerumani na mfalme wa Poland, alivipenda kupita kiasi. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wapanda farasi 600, akapokea vyombo 151. Watu kwa bakuli!

Katika nchi yake alikuwamo mfungwa, Johann Friedrich Böttger. Kijana huyu alidai kwamba aweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Mwaka 1701, umri wake miaka 19, alimkimbia mfalme wa Berlin aliyemtaka kwa ajili hiyo, akaangukia mikononi mwa Augustus, naye akamfungia ili amfanyie yeye dhahabu. Haikuonekana. Walakini mtaalamu Tschirnhaus alimwelekeza kwenye udongo na tanuri, wakajaribu mara nyingi. Tschirnhaus akafa mwaka 1708. Mwaka uliofuata Böttger akamwarifu mfalme kwamba kauri imepatikana. Mwaka 1710 kiwanda kiliwekwa katika ngome ya Meissen ili siri isitoke, lakini wafanyakazi walitoroka nayo, na Vienna ikapata kiwanda chake mwaka 1718. Böttger alifunguliwa mwaka 1714, akafa mwaka 1719, hajafika miaka 40.

Ndipo dhahabu ikaja, si kutoka tanuri lake. Vikombe vyeupe, vingi havina mkono kwa kuiga vya Uchina, vilipelekwa Augsburg pamoja na visahani vyake. Mafundi wa huko walivichora kwa dhahabu, wakavirudisha katika moto mdogo, kisha wakaisugua kwa jiwe la akiki hata ing'ae.

Wakusanyao vikombe hivi leo hutazama chini yake alama ya panga mbili zilizopishana, iliyoanza baada ya mwaka 1720. Lakini alama hiyo imeigwa na wengi, nasi twaona heri kuitazama dhahabu yenyewe. Hiyo hukaa juu tu ya kauri, hufutika kwa midomo na kwa kuoshwa. Kikombe cha miaka 300 chenye ukingo mng'avu kote, ama hakikunywewa chai, ama kimepakwa upya juzi.