Zandra Rhodes: Mkasi Uliotii Ua

Fundi wa kawaida hukata kitambaa kwa kufuata kipimo cha mwili. Zandra Rhodes alikata kwa kufuata ua. Duara la rangi likiishia magotini, gauni nalo linakoma hapo. Ncha ya jani ikipinda, upindo unapinda nayo. Mvaaji wa kanga halazimiki kuelezwa: mji na pindo kila kimoja kina mahali pake, na ukikata ovyo umeharibu nguo.

Rhodes alizaliwa mwaka 1940 huko Chatham, kusini mashariki mwa Uingereza. Mama yake aliwahi kuwa fundi katika nyumba ya mitindo ya Worth, Paris, kisha akafundisha chuo cha sanaa cha Medway. Binti alisoma hapo hapo, ila hakusomea ushonaji. Alisomea kubuni na kuchapa vitambaa, akahitimu Royal College of Art, London, mwaka 1964. Wenye viwanda waliona michoro yake ina makeke mno. Basi akaamua kuitengenezea nguo mwenyewe. Kwa muda mfupi aliendesha duka na Sylvia Ayton barabara ya Fulham, na mwaka 1969 akatoa mkusanyiko wa kwanza ulio wake peke yake.

Huo ndio wa kutazamwa kwa karibu. Aliuita Knitted Circle. Alichora vitanzi vya sufu iliyofumwa, kitanzi kwa kitanzi, akavichapa juu ya shifoni nyepesi na felti nzito, hata jicho likadhani linaona kazi ya sindano, kumbe ni rangi tupu. Kuchapa kwenyewe kulikuwa kazi ya mikono: kitambaa hutandazwa juu ya meza ndefu, fremu yenye wavu mwembamba ikawekwa juu yake, na rangi ikasukumwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira ili ipenye pale tu panapotakiwa. Kila rangi na fremu yake. Fremu ikihama kwa upana wa ukucha, ua na mstari wake vimeachana. Nguo hizo alizipeleka New York. Diana Vreeland, mhariri wa Vogue ya Marekani, alizipenda, na mwigizaji Natalie Wood akapigwa picha akiwa amezivaa.

Tangu hapo kila msimu ulizaliwa na safari na daftari la michoro: mapambo ya manyoya ya wenyeji asilia wa Marekani, Mexico, jabali la Uluru nchini Australia. Mwaka 1973 Binti Mfalme Anne wa Uingereza alivaa gauni la Rhodes kwenye picha za uchumba wake.

Kisha, mwaka 1974, akatokea mtu wa kwetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa roki na mzaliwa wa Unguja, alifika karakanani kwa Rhodes pamoja na mpiga gitaa wa bendi yake, Brian May. Rhodes alimwacha ajaribu nguo na kujinyoosha nazo kama yuko jukwaani. Alichochagua ni blauzi nyeupe ya marinda yenye mikono mipana kama mbawa, mshono uliobuniwa kwa ajili ya bibi harusi. Picha zake akiwa ndani ya vazi hilo zimezunguka dunia nzima.

Mwaka 1977 akageukia mtindo wa panki: magauni yaliyochanwa makusudi na kufungwa kwa minyororo na pini za kubania nepi zilizonakshiwa. Mbunifu Versace alisifiwa kwa gauni la pini alilovaa mwigizaji Elizabeth Hurley mwaka 1994, yaani miaka 17 baadaye. Rhodes alistahili sehemu ya sifa hizo, ingawa kwa macho yangu shifoni zake ndizo zenye utaalamu mkubwa zaidi.

Mama huyu wa nywele za pinki alitunukiwa hadhi ya Dame mwaka 2014. Jumba la makumbusho ya mitindo na vitambaa aliloliasisi lilifunguliwa mwaka 2003, likiwa limepakwa pinki na rangi ya chungwa, kazi ya msanifu majengo wa Mexico, Ricardo Legorreta. Lipo Bermondsey Street, London, na linaendeshwa na chuo cha Newham.